Monita ya 4K au miwani? Hesabu za familia kabla ya kutoa fedha

Fedha za kakao au mpunga zikiingia katika nyumba ya Ipyana, wilayani Kyela, hukuta zinasubiriwa. Kuna ada ya shule, kuna bati la jikoni linalovuja, kuna marejesho ya kikoba. Siku hizi katika baadhi ya nyumba orodha hiyo imeongezeka kitu kingine: monita ya kompyuta. Kijana wa kidato cha tano anaitaka kwa masomo, mama mwenye steshenari anaitaka kwa kazi, na simu za wote wawili zinawaonyesha matangazo ya monita za 4K kwa bei ambayo miaka kumi iliyopita wasingeiota.

Je, inafaa kununuliwa? Jibu fupi ni hili: kwa wazazi wengi, fedha za kwanza ziende kwenye vipimo vya macho, za pili kwenye monita ya kawaida iliyo nzima, na 4K ibaki kwa wachache wenye kazi inayoidai. Sababu zake zinahitaji maelezo kidogo, kwa kuwa muuzaji wa dukani hazitaji.

Familia ya mfano

Chukua familia ya mfano. Mama ana miaka 43 na anaendesha steshenari ndogo. Wateja wake wanataka kuchapiwa barua, kudurufiwa vyeti, kujaziwa maombi ya mkopo wa elimu ya juu, kuhakikiwa cheti cha kuzaliwa RITA, au kutumiwa maombi ya kazi kwenye mfumo wa ajira wa serikali. Karibu kila fomu inadai namba ya NIDA, na namba hiyo ina tarakimu 20.

Miezi ya karibuni mama amekuwa akisoma 3 kama 8, na 6 kama 8. Tarakimu moja ikikosewa, fomu inakwama, na mwenye fomu anaweza kuwa kijana wa jirani anayesubiri mkopo ili aripoti chuoni. Jioni kichwa kinamuuma na macho yanamwasha. Kijana wake anamwambia: "Mama, kompyuta yetu kioo chake ni kibovu. Tukipata 4K, kila kitu kitaonekana wazi."

Huenda kijana ana haki kidogo. Lakini ukungu wa namna hiyo una vyanzo viwili tofauti, na kila kimoja kina dawa yake.

Jicho lipimwe kwanza

Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hupoteza ulaini na kushindwa kuvuta vitu vya karibu. Dalili zake zinajulikana: mtu anasogeza simu mbali ili asome ujumbe, anahitaji mwanga mkali kutunga uzi kwenye sindano, anachoka haraka akisoma maandishi madogo. Huo si ugonjwa wa ajabu. Utafiti uliofanyika vijijini Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006, ulikuta takriban watu 6 kati ya 10 wenye miaka 40 na zaidi wana tatizo hilo.

Dawa yake ni miwani ya kusomea, ambayo ni rahisi mno ukiilinganisha na monita yoyote. Na miwani hiyo inagusa kipato. Nchini Bangladesh, watafiti waliwagawa watu wazima wa miaka 35 hadi 65 katika makundi mawili. Kundi moja likapewa miwani ya kusomea mara moja, jingine likasubiri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba baada ya miezi minane kipato cha kati cha waliopewa miwani kilikuwa juu kwa takriban asilimia 33 kuliko cha waliosubiri.

Mama wa mfano wetu akinunua 4K bila kupimwa, atakuwa amenunua maandishi makali ambayo jicho lake bado haliwezi kuyashika. Kwa hiyo safari ya kwanza ni hospitali ya wilaya, ambako akihitaji uchunguzi zaidi atapewa rufaa kwenda Mbeya. Huko amweleze mpimaji jambo moja ambalo wengi husahau: umbali anaofanyia kazi. Miwani ya kusomea kitabu hupimwa kwa sentimita 40 hivi, lakini monita hukaa sentimita 50 hadi 70. Miwani ya kitabu ikitumiwa kwenye kompyuta humlazimisha mtu kuinamia kioo, na shingo ndiyo hulipa gharama.

Vipimo vina faida nyingine. Ukungu unaokuja na kuondoka unaweza kuwa sukari iliyopanda. Ukungu unaozidi polepole unaweza kuwa mtoto wa jicho. Presha ya macho huharibu uoni kimyakimya. Hakuna monita inayotibu hata kimoja kati ya hivyo, na kuchelewa kuvigundua kunaweza kumgharimu mtu macho yake.

Nukta zinazouzwa

Picha ya kompyuta imefumwa kwa nukta ndogo ambazo mafundi huziita pikseli. Monita ya Full HD ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, jumla kama milioni 2. Monita ya 4K ina 3840 kwa 2160, jumla zaidi ya milioni 8, yaani mara nne. Muuzaji huishia hapo.

Kinacholihusu jicho ni ukubwa wa nukta moja na umbali wa mtazamaji. Akikaa sentimita 60 kutoka kwenye kioo, mtu mwenye macho mazuri anaweza kutofautisha vitu vilivyoachana kwa takriban milimita 0.17. Sasa linganisha:

• TV ya inchi 32 ya nukta 1366 kwa 768, iliyozoeleka majumbani: nukta moja ni milimita 0.52.
• Monita ya inchi 27 ya Full HD: milimita 0.31.
• Monita ya inchi 24 ya Full HD: milimita 0.28.
• Kompyuta mpakato ya inchi 14 ya nukta 1366 kwa 768: milimita 0.23.
• Monita ya inchi 27 ya 4K: milimita 0.16.

Orodha hiyo inasema mambo matatu. Kwanza, 4K ina ukali wa kweli. Nukta zake ni ndogo kuliko jicho linavyoweza kuzitenganisha, kwa hiyo herufi huonekana kama zimechapwa kwenye karatasi. Pili, kuigeuza TV ya sebuleni kuwa monita ya kazi ni kulipa jicho adhabu: ni kubwa, lakini nukta zake ni nene, na herufi hutoka na kingo kama ngazi. Inafaa kwa somo la video ambalo familia inalitazama kwa mbali, haifai kwa fomu za tarakimu 20.

Tatu, nukta za kompyuta mpakato kuukuu zenyewe si kubwa. Tatizo lake ni kwamba kioo ni kidogo na kinakaa chini mezani. Herufi zinakuwa ndogo na mtumiaji anainama mchana kutwa. Monita ya inchi 24 ya Full HD inazikuza herufi kwa takriban asilimia 20 na kuziweka usawa wa macho. Hiyo ndiyo nafuu ambayo mama wa steshenari ataihisi tangu siku ya kwanza, na haihitaji 4K.

Kuna jambo jingine linalowashtua wanunuzi wengi. Monita ya 4K ikiwashwa bila kurekebishwa, herufi zinakuwa ndogo zaidi, kwa sababu nukta zenyewe zimepungua ukubwa. Ni lazima kuingia kwenye mipangilio na kuzikuza kwa asilimia 150 au 200. Baadhi ya programu za zamani hazikubali kukuzwa vizuri; maandishi yake hubaki madogo kama mchwa au hutoka na ukungu. Mtu aliyenunua 4K ili aone vizuri anaweza kujikuta anaona vibaya kuliko jana.

Kompyuta yenyewe itaiweza?

Monita ni kioo tu. Picha hutoka kwenye kompyuta. Kompyuta nyingi zilizotumika zinazouzwa Mbeya na Dar es Salaam zina tundu la VGA au HDMI la zamani. VGA haijatengenezwa kwa ajili ya 4K. HDMI ya toleo la 1.4 huipeleka 4K, lakini picha hubadilika mara 30 tu kwa sekunde badala ya 60, na mshale wa kipanya huonekana kuburuzika. Kwa mtu anayekaa hapo saa sita, mburuzo huo unachosha kuliko herufi zisizo kali. Picha 60 kwa sekunde zinahitaji HDMI 2.0, au tundu la DisplayPort au USB-C linalofaa, pamoja na waya unaolingana nalo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya monita, familia iangalie jina na mwaka wa kompyuta yake, kisha imuulize fundi inaweza kutoa 4K kwa kasi gani. Ikiwa jibu ni 30 au "haiwezi", bei ya 4K si ile iliyobandikwa dukani. Ongeza na bei ya kompyuta nyingine.

Je, 4K inalinda macho ya watoto?

Hapana. Hili wazazi walielewe vizuri, kwa sababu hutumika sana kuuzia bidhaa. Wingi wa nukta haumkingi mtoto na tatizo la kutoona mbali. Yanayohusika zaidi ni ukaribu wa kitu anachokitazama, muda anaokitazama bila kupumzika, na muda anaoupata nje kwenye mwanga wa jua.

Huko Guangzhou, China, shule kadhaa ziliongeza dakika 40 za shughuli za nje kila siku kwa wanafunzi wa darasa la kwanza. Baada ya miaka mitatu, takriban watoto 30 kati ya 100 walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, ukilinganisha na karibu 40 kati ya 100 katika shule zilizoendelea na ratiba ya kawaida. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015. Mtoto wa Ipyana anayetembea kwenda shule na kucheza mpira jioni anaipata dawa hiyo bure, mradi simu haijachukua nafasi ya mpira.

Monita ina faida moja ya kweli kwa mwanafunzi: umbali. Kijana anayesoma mitihani ya miaka iliyopita kwenye simu huishika sentimita 25 au 30 kutoka machoni na kukodoa. Mitihani hiyohiyo ikiwekwa kwenye monita, macho yanakaa mbali maradufu. Faida hiyo inapatikana kwenye Full HD sawa na kwenye 4K.

Kwa wadogo zaidi, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja kwa siku. Mtoto anayeisogelea TV mpaka pua iguse kioo, au anayefumba jicho moja ili aone, apelekwe kupimwa macho hata kama hajalalamika.

Na miwani ya kuzuia mwanga wa bluu? Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023, yaliyokusanya majaribio 17, hayakupata ushahidi kwamba inapunguza uchovu wa macho kwa watumiaji wa kompyuta. Uchovu huo hutokana zaidi na kusahau kupepesa. Mtu anayetazama kioo kwa makini hupepesa mara chache kuliko kawaida, na jicho hukauka. Kanuni inayosaidia haina gharama: kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Mwenye dukani atazame mti wa ng'ambo ya barabara.

Umeme, unyevu na wadudu

Monita itakayokaa Kyela ichaguliwe kwa hali ya Kyela. Hapa mvua ni nyingi, radi hazikosi, na hewa ya bonde la ziwa ni ya joto na unyevu. Umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika unaweza kuua kifaa cha wiki moja. Stabilaiza au kinga nyingine ya umeme iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo, na radi zikianza, waya uchomolewe ukutani. Kuzima kwa kitufe pekee hakutoshi. Monita yenye adapta ya nje ina nafuu: adapta ikiungua hubadilishwa peke yake, mradi mpya ilingane na ile ya kwanza.

Matumizi ya umeme hayatishi, lakini yanatofautiana. Monita ya inchi 24 inayotumia wati 20, ikiwashwa saa 6 kwa siku 26, hula takriban uniti 3 za LUKU kwa mwezi. Ya 4K inayotumia wati 40 itakula 6.

Kitambaa cha kufuma kinachofunika TV nyingi majumbani kiondolewe monita inapowaka, maana huziba matundu ya kupitisha joto. Isiegemezwe kwenye ukuta wenye unyevu. Na kwa wanaoishi karibu na ufukwe, ambako wadudu wadogo wa ziwani hupaa makundi kama moshi na kufuata taa usiku, madirisha yawe na nyavu. Mdudu mdogo akipenya ndani ya kioo na kufia humo, hatoki kwa kufutwa.

Ukifika dukani

Kutoka Kyela hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 100 kupitia Tukuyu, na kurudisha bidhaa mbovu ni nauli nyingine. Mnunuzi aende na kompyuta yake na afanye haya kabla ya kulipa:

• Aiunganishe na kufungua mipangilio ya skrini. Namba iliyoandikwa kuwa inapendekezwa ndiyo ukweli. Boksi linalosema "inasapoti 4K" mara nyingine lina kioo cha Full HD kinachopokea picha ya 4K na kuipunguza.
• Afungue picha nyeupe tupu, kisha nyeusi, nyekundu, kijani na bluu. Nukta zilizokufa na madoa yatajitokeza.
• Apunguze mwanga hadi nusu na kuitazama kupitia kamera ya simu. Mistari mipana inayotembea inaweza kuashiria kioo kinachomemesa, na kumemesa huwaumiza vichwa baadhi ya watu.
• Afungue hati yenye maandishi madogo na kuisoma kwa dakika kumi, akiwa amevaa miwani yake mpya.
• Adai risiti na muda wa dhamana kwa maandishi. Njiani monita isafiri wima ndani ya boksi, mzigo usilazwe juu yake.

Hesabu ya mwisho

Tuseme, kwa mfano tu, tofauti ya bei kati ya 4K na Full HD ni shilingi 400,000. Ikiwa steshenari inapata faida ya shilingi 500 kwa kila fomu, mama anahitaji fomu 800 za ziada ili kuifidia tofauti hiyo. Mteja wa Ipyana hachagui steshenari kwa wingi wa nukta. Anakwenda ambako fomu yake haikosewi. Fomu isiyokosewa inaletwa na macho yaliyopimwa, herufi zilizokuzwa na mtu wa pili wa kuhakiki tarakimu.

Hesabu hubadilika kwa anayehariri video za harusi, anayechora ramani au matangazo, au anayefungua kurasa mbili kubwa kwa pamoja saa nyingi kila siku, mwenye kompyuta inayoiweza 4K kwa picha 60 kwa sekunde. Huyo nukta zinamlipa, na asiogope kuzinunua.

Wengine wasijipime kwa bei ya kakao ya msimu mmoja. Mwaka 2024 bei katika soko la dunia ilivuka dola 10,000 za Marekani kwa tani, kisha ikashuka. Aliyepanga matumizi kwa bei ya juu alibaki na madeni kwa bei ya chini.

Mpangilio wa mzazi basi uwe huu. Wiki hii, mwenye miaka 40 na kuendelea akapime macho, na mtoto anayekodoa aende naye. Wiki hiyohiyo, herufi zikuzwe kwenye kompyuta iliyopo, kompyuta mpakato iinuliwe kwa vitabu mpaka ukingo wa juu wa kioo ufike usawa wa macho, kibodi ya pembeni ichomekwe, na meza igeuzwe ili dirisha liwe ubavuni, lisiwe mbele wala nyuma. Familia ifanye kazi hivyo mwezi mmoja. Shida ikiisha, fedha zimebaki mfukoni. Ikibaki, itafutwe monita ya inchi 24 ya Full HD iliyopita majaribio ya dukani, pamoja na stabilaiza yake.